Leseni ya daraja D itanifikisha kwenye mashamba ya zabibu ya Verona?

SWALI: "Mimi ni mama wa miaka 56, mkulima wa zabibu Mpunguzi. Nina leseni ya Tanzania daraja D na nimeendesha pikapu zaidi ya miaka 20. Mwezi wa 4 kikundi chetu kimealikwa Verona, Italia, kwenye maonyesho ya mvinyo, na maonyesho yakiisha nataka nibaki wiki moja nitembelee mashamba ya wenzetu. Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma Padova, huu ni mwaka wake wa tatu, naye ana leseni ya Tanzania. Tumepanga tukodi gari tupokezane usukani, pengine tuvuke hadi Austria. Mmoja ameniambia leseni yetu haitambuliki Ulaya, lazima nifanye mtihani upya. Mwingine anasema inatosha kwa kuwa ina Kiingereza. Kijana mmoja wa pale stendi ameniletea tangazo la leseni ya kimataifa ya miaka 10 kwa dola 60, inatumwa kwenye simu. Bima ninayo tayari, ile niliyoambiwa nikate kwa ajili ya viza. Nimwamini nani? Na kuna haja ya kukodi gari kweli?"

JIBU:

Shikamoo mama. Watu watatu wamekupa majibu matatu, kila mmoja na uhakika wake, na atakayesimama mbele ya polisi wa ugenini ni wewe peke yako. Hofu yako ina msingi. Nimefundisha udereva hapa Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye bima za magari, na maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, ila lako lina jambo ambalo watu wengi hawalioni mpaka wafike kaunta. Nitalifikia.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa mtihani: hufanyi. Sheria ya barabarani ya Italia inamruhusu mgeni kuendesha kwa leseni ya nchi yake, hata kama nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya, mradi leseni iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au na tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Aliyekwambia leseni yetu haitambuliki kabisa huenda alimsikia mtu aliyehamia huko, na mhamiaji ana sheria nyingine kabisa. Hapo ndipo penye shida ya mpwa wako, nitakuja nayo.

Huyu wa pili, wa "ina Kiingereza inatosha", naye hakutunga. Afrika Kusini wanaikubali leseni ya kigeni iliyoandikwa kwa mojawapo ya lugha zao rasmi, yenye picha na saini, na Kiingereza ni mojawapo. Uingereza mgeni anaendesha gari dogo kwa leseni ya kwao hadi miezi 12. Kwa hiyo kama jamaa huyo aliwahi kukodi gari Johannesburg au London, aliendesha bila kuulizwa kitu. Kosa lake ni kuihamisha sheria ya huko akaipeleka Verona. Polisi wa Italia hana wajibu wa kusoma Kiingereza, kama trafiki wetu wa pale Nanenane asivyo na wajibu wa kusoma Kireno. Kila nchi ina mlango wake. Wageni wanaofika Zanzibar bila kibali cha kimataifa hulazimika kulipia kibali cha muda kabla ya kushika usukani, hata wawe wameendesha kwao miaka 40.

Sasa hiki kibali cha kimataifa ni kitu gani? Wengi wetu tunakiita "leseni ya kimataifa", na jina hilo ndilo linalotupoteza. Hakuna leseni ya dunia nzima. Kuna kijitabu cha karatasi, chenye jalada la kijivu na picha yako, ambacho kazi yake ni kueleza kwa lugha kadhaa yale yaliyomo kwenye leseni yako ya nyumbani: jina lako na aina ya magari unayoruhusiwa. Ni mkalimani tu. Mkalimani bila mwenye maneno hana la kutafsiri, ndiyo maana kijitabu hicho bila kadi yako ya TRA hakina thamani. Kadi na kitabu vinatembea pamoja, mkoba mmoja, siku zote.

Kijitabu hiki kimetokana na mikataba ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafiri wa barabarani. Upo ule wa Geneva wa mwaka 1949 na upo wa Vienna wa mwaka 1968. Kibali cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja tu. Cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu, lakini hakiwezi kuishi kuliko leseni inayotafsiriwa: kadi yako ikiisha muda, na kitabu kimekufa siku hiyohiyo. Italia imo katika mikataba yote miwili, kwa hiyo aina ya kijitabu isikukoseshe usingizi. Japani, kwa mfano, wao wanakubali kile cha 1949 pekee, na China hawakikubali hata kimoja, mgeni anachukua leseni ya muda ya kwao. Nakutajia hizi kwa sababu najua ukirudi salama kikundi chenu kitaalikwa kwingine, na mtu atasema "mama aliendesha Italia kwa kitabu hiki". Nchi nyingine, muulize upya.

Kwa maelezo hayo, tangazo la kijana wa stendi unaweza kulipima mwenyewe. Linasema miaka 10, mkataba unasema mwaka mmoja au mitatu. Linatumwa kwenye simu, kitabu halisi ni cha karatasi. Wanaouza vitu hivi huwa hawaombi hata kuiona leseni yako halisi, maana hawana cha kuhakiki. Biashara hii ni ya zamani: mamlaka za Marekani ziliwafikisha mahakamani wauzaji wa vibali bandia mwaka 2003, na bado wapo. Dola 60 ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kuonyesha karatasi ya kughushi kwa polisi, ukageuka kutoka mgeni aliyesahau tafsiri ukawa mtu anayetumia hati ya bandia. Kijana pengine hajui anachouza. Mwambie hapana, mpe maji ya kunywa, aende zake.

Kitabu halisi hutolewa na chama cha magari kilichoidhinishwa katika nchi iliyotoa leseni, na kwetu ni Chama cha Magari Tanzania, Dar es Salaam. Huwezi kukichukua ukiwa Italia kwa leseni ya Tanzania, kwa hiyo usiseme "nitamalizia hukohuko". Wapigie kabla hujatoka, uulize ada ya sasa na wanachohitaji. Kwa kawaida ni leseni halisi, pasipoti na picha za pasipoti. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari hii imekuwa nyepesi, unaondoka alfajiri na jioni umerudi kulala kwako. Lakini kabla ya treni, tazama tarehe ya mwisho kwenye kadi. Leseni zetu siku hizi ni za miaka mitano. Kama yako inaisha karibu na safari, ihuishe kwanza TRA ndipo ufuate kitabu.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye herufi moja, hiyo D yako.

Hapa nyumbani daraja D ni la kawaida kabisa. Linakuruhusu kuendesha magari yote isipokuwa pikipiki, magari makubwa ya mizigo na magari ya abiria ya biashara. Ndiyo maana mwenye pikapu ya kubeba zabibu hupewa D, kwa sababu daraja B letu ni la gari la binafsi lisilo la biashara. Madaraja ya kubeba abiria kwetu yako kwenye C na vijukuu vyake, C1 hadi C3. Sasa vuka bahari. Katika mikataba ile na Ulaya yote, B ndiyo gari dogo: uzito usiozidi kilo 3,500 na viti visivyozidi vinane ukimwacha dereva. C ni lori. Na D, mama yangu, ni basi.

Fikiria karani wa kukodisha magari pale Verona. Anapokea kadi yako, anatafuta B, haioni, anaona D. Kichwani mwake anasema huyu mama ni dereva wa basi, lakini kompyuta yake inadai B. Nimesimuliwa na mwanafunzi wangu wa zamani jinsi alivyotumia karibu saa nzima akieleza kaunta moja ya ugenini kwamba D ya Tanzania ni gari dogo. Karani hakuwa mkorofi, hakuelewa tu. Kitabu cha kimataifa ndicho kinachomaliza mzozo huu, kwa sababu ndani yake herufi ni zile za mkataba, na atakayekitoa anagonga muhuri kwenye herufi inayolingana na uwezo wako halisi. Kwako ni B. Usitoke ofisini kabla hujafungua ukurasa huo ukauona muhuri kwenye B. Na kama mtu kwa kufuata kadi yako ametaka kugonga kwenye D, mkatalie kwa upole umweleze, maana hapo kitabu kitasema wewe ni dereva wa mabasi na hujawahi kuwa.

Wakati umeshika kadi, iweke kando ya pasipoti na kadi ya benki ulinganishe majina, herufi kwa herufi. Hili ni gonjwa letu sisi. Leseni ina majina matatu, pasipoti ina mawili na jina la mume, benki wameandika kifupi. Hapa trafiki anakuelewa, kule kompyuta haielewi. Ikiwa hayalingani, hili halitatuliwi kwa simu: nenda mwenyewe ofisi za TRA hapa mjini na nyaraka zako, na uende mapema.

Ile njia ya pili, tafsiri rasmi ya Kiitaliano, ipo na ni halali. Kwa safari yako siioni kuwa na faida. Tafsiri ya kuapishwa ina gharama na usumbufu wake, na ukivuka kwenda Austria, wanakozungumza Kijerumani, Kiitaliano hakikusaidii. Kitabu kinakubalika pande zote mbili za mpaka, na makarani wanakijua kwa sura. Chukua kitabu.

Nimfikie mpwa wako, na hapa sina habari njema. Ile ruhusa ya kuendesha kwa leseni ya nyumbani ni ya mgeni, na ya mkaazi ambaye hajatimiza mwaka mmoja tangu aandikishwe ukaazi. Mwaka ukipita, leseni ya Tanzania haimruhusu tena kuendesha Italia, hata iwe haijaisha muda, hata awe na kitabu cha kimataifa kipya. Wapo wa nchi fulani, Morocco kwa mfano, wanaobadilisha leseni zao bila kufanya mtihani wa kawaida kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Italia. Sisi hatumo. Yeye itabidi asome aanze upya: mtihani wa nadharia wa maswali 30 ya kweli au si kweli kwa dakika 20, makosa yasizidi matatu, halafu barabarani. Mwambie atazame tarehe kwenye cheti chake cha ukaazi. Kama kweli mwaka umepita, asiguse usukani hata wa kulihamisha gari kwenye maegesho. Wanafunzi wengi wetu wanaendesha hivyo wakidhani wako salama kwa kuwa hawajawahi kusimamishwa. Siku ya ajali ndiyo siku watu wanapokagua tarehe.

Na hata angekuwa na haki, dereva wa pili lazima aandikwe kwenye mkataba wa kukodi, kwa kawaida kwa ada ya ziada kwa siku. Kupokezana usukani kama tunavyopokezana tukienda Singida msibani, huko hakupo.

Bima. Ile uliyokata kwa ajili ya viza ya Schengen inahusu mwili wako: matibabu, dharura, kurudishwa nyumbani, kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Haina uhusiano wowote na gari. Ukimgonga mtu au ukakwaruza mlango, bima hiyo haisemi kitu. Gari la kukodi lina bima yake ya lazima ya kumlipa mtu wa tatu, tunayoiita thadi pati, imo ndani ya bei. Juu yake makampuni huongeza kinga ya uharibifu wa gari lenyewe na wizi, lakini kinga hiyo huacha sehemu utakayoibeba mwenyewe, na sehemu hiyo mara nyingi ni mamia ya euro, au inapita elfu moja. Kaunta watakushawishi ulipie zaidi ili sehemu hiyo ifutwe. Kwa mtu anayeendesha upande wa kulia kwa mara ya kwanza maishani, mimi ningelipa. Wengine watakwambia ni ghali mno. Ni ghali kweli, lakini vijia vya vilima vya huko vina kuta za mawe pande zote mbili.

Uhusiano wa bima na leseni ndio watu hawauoni. Wanadhani adhabu ya kuendesha bila kitabu ni faini tu. Faini ipo, na ni ya mamia ya euro. Lakini tuseme umemgonga mtu. Huko sheria inamlinda aliyegongwa: kampuni ya bima inamlipa, iwe dereva alikuwa na leseni sahihi au hakuwa nayo. Kisha kampuni inageuka nyuma, inakutafuta wewe, inakudai ilichomlipa, kwa sababu uliendesha bila kutimiza masharti. Na ile kinga ya uharibifu wa gari nayo inaanguka, kwa kuwa mkataba uliosaini ulisema dereva ana hati halali. Kwa hiyo unalipa mara mbili. Hilo ndilo linalonifanya nimkazie mpwa wako.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Mama, una kadi gani ya benki?

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilifika kiwanja cha ndege cha nchi moja, kampuni sitaitaja, gari nimeshalilipia kwa mtandao tangu Dodoma, leseni safi, kitabu safi, muhuri uko kwenye B. Karani akaomba kadi ya krediti yenye jina langu. Nikampa kadi yangu ya benki. Akaigeuza, akaona imeandikwa debiti, akanirudishia kwa tabasamu zuri sana. Gari sikupata, na fedha niliyolipia ilirudi pungufu baada ya wiki kadhaa. Siku hiyo nilijifunza ratiba za mabasi ya nchi ya watu.

Sababu yake ni hii. Kampuni inakukabidhi mali ya mamilioni na haikujui. Inataka kushikilia kiasi fulani kama dhamana, bila kukikata, hadi urudishe gari. Kwenye kadi ya krediti wanashikilia fedha ya benki. Kwenye kadi ya debiti wanashikilia fedha yako halisi, na makampuni mengi hayataki usumbufu huo. Kadi nyingi tunazobeba, hata zenye nembo za kimataifa, ni za debiti. Nenda benki yako uulize kama wanaweza kukupa ya krediti, na jibu laweza kuchukua wiki kadhaa. Ikishindikana, zipo kampuni zinazokubali debiti ukinunua bima yao kamili. Soma masharti yao kabla ya kulipa, uwaandikie, na uje na jibu lao lililochapishwa. Kadi ya mpwa haitakusaidia: jina la kadi ni lazima liwe la dereva.

Tuje kwenye kuendesha kwenyewe, maana kitabu kinakuruhusu tu, hakikufundishi. Usukani utakuwa kushoto na gia mkono wa kulia. Magari yetu ya Japani yana kijiti cha indiketa kulia na cha waipa kushoto, kule ni kinyume, kwa hiyo siku ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kukata kona. Usione aibu, wote tulifanya hivyo. Omba gari la otomatiki, na uombe mapema, kwa sababu bila kusema utapewa la gia za mkono. Kisha kuna kipilefti. Neno lenyewe litakuponza! Sisi tumelimeza kutoka Kiingereza likiwa na amri ya kukaa kushoto, na kule unakaa kulia, unazunguka kinyume cha mshale wa saa, unamtazama anayetokea kushoto kwako. Kosa la hatari zaidi huja asubuhi na mapema, unapotoka kwenye geti la shamba barabara ikiwa tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Hapo mkono unakwenda kushoto wenyewe.

Tochi zao hazijifichi nyuma ya mti kama za kwetu, ila nazo zina ujanja. Kwenye baadhi ya barabara kuu kamera inakupiga hapa, nyingine inakupiga mbele, zinagawanya umbali kwa muda, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii. Kikomo ni kilomita 50 mjini, 90 nje ya mji, 130 kwenye barabara kuu ya kulipia, na mvua ikinyesha hiyo 130 inashuka hadi 110. Barabara ya kulipia unachukua tiketi unapoingia, unalipa unapotoka. Epuka njia yenye alama ya manjano ya Telepass, hiyo ni ya wenye kifaa maalumu. Na katikati ya miji ya kale, Verona ikiwemo, kuna eneo lililofungwa kwa magari yasiyo na ruhusa, herufi zake ni ZTL. Hakuna geti wala askari, ni kamera tu. Utapita, hutaona kitu, utarudi Mpunguzi, utavuna msimu wa pili wa mwaka, ndipo itafika bahasha: faini, pamoja na makato ya kampuni ya magari kwa kuwapa polisi jina lako. Kwa mkaazi wa nje wana siku 360 za kuileta. Ukilipa ndani ya siku tano tangu uipokee, inapungua kwa asilimia 30.

Kuna jingine ambalo kwa mkulima wa zabibu ni zito kuliko yote. Unakwenda kuonja mvinyo. Kikomo cha pombe Italia ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na ukipita 0.8 unaingia kwenye jinai. Kwenye shamba moja utamiminiwa glasi nne au tano, na mwenyeji atakasirika ukikataa. Wataalamu wa kuonja wanatema, na kila chumba cha kuonjea kina chombo cha kutemea. Ukiendesha wewe, tema, au nusa tu. Najua kwetu kutema kinywaji cha mwenyeji ni dharau. Huko ni ufundi.

Kwa hiyo, kuna haja ya gari? Siku za maonyesho, hapana kabisa. Verona hujaa mpaka maegesho yanakuwa ndoto, na treni ya kutoka Padova inafika moja kwa moja. Baada ya maonyesho, vilima vya Valpolicella na vijiji vya Soave viko karibu na mji, lakini mashamba yenyewe yametawanyika na mabasi ni machache, hapo gari lina maana. Ningekuwa wewe ningekodi siku mbili au tatu tu, otomatiki, dereva wewe peke yako, na mpwa wako awe utingo: asome ramani, asome vibao, apige kelele ukienda kushoto. Siku ya mashamba mengi ya kuonja, changeni na wenzako wa kikundi mkodi gari na dereva wake. Safari ya Austria ningeifanya kwa treni. Ukisisitiza kwenda kwa gari, kampuni lazima ikupe ruhusa ya maandishi ya kuvuka mpaka, na barabara kuu za Austria zina ada na kibandiko chake.

Likitokea la kutokea, namba ya dharura ni 112. Polisi waitwe kama kuna aliyeumia, kisha ipigie kampuni ya gari. Mwenzako wa ajali anaweza kukuletea fomu ya buluu ya kueleza ajali kwa makubaliano. Ni fomu halali, lakini usisaini mstari ambao mpwa wako hajakutafsiria. Ukishikiliwa, au mtu akiwa ameumia vibaya, acha kutafuta majibu kwangu au kwa mtu mwingine wa mbali: omba mkalimani, omba wakili, na wasiliana na ubalozi wetu Roma.

Ukija mjini Jumamosi yoyote kabla ya mwezi wa 3, pita ofisini na leseni, pasipoti na kadi ya benki, tulinganishe majina. Na uje na pikapu. Nitakukalisha kwenye kiti cha kushoto, niendeshe mimi, uanze kuyazoesha macho kuitazama barabara kutoka upande huo.